Miba Katika Pindo la Kanzu

Jamaa zangu wa mtoni, nyamazeni kidogo niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Buya wa Kulesa, miaka ile maradhi ya sotoka yalipokuwa yamekwisha kufagia ng'ombe wa Waorma.

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umetulia. Mpunga ulianza kuchanua, na Arafa, mkewe Buya, alikuwa akifukuza ndege shambani huku akitaniana na binti yao Nana. Buya yeye hakujua kukaa kitako. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wapita njia, na watu walimsifu kwamba hakuna amshindaye kwa wepesi. Sifa hiyo ilimlevya kuliko tembo.

Mara ukafika mtumbwi kutoka Kipini. Alishuka Mahmoud, mfanyabiashara, pamoja na rafiki zake. Safari hii hawakuja kununua wala kuuza. Walitaka kutembea tu, waione miti mikubwa na mbega wekundu wa msitu wa wazee.

Msitu ule ulitengwa na gasa, baraza la wazee wa Wapokomo. Mti haukukatwa humo, wala jembe halikuingia. Waorma waliruhusiwa kunywesha ndama katika ziwa lake wakati wa kiangazi. Na kila aingiaye sharti asimame kivukoni, akung'ute nguo, aoshe miguu.

Arafa alimvuta mumewe kando. "Baba Nana, hawa wamelala kwenye mahame kule chini, penye magugu matupu. Hebu tazama mapindo ya kanzu zao."

Yalikuwa yamejaa vijitunda vya miba, vyenye vikulabu vinavyong'ang'ania nguo.

"Jua linapanda," Buya akasema. "Nikianza kuwakung'uta wageni kama mikeka, watasema nini?"

"Watasema wamekung'utwa. Basi!"

Buya akacheka, akawavusha upesi. Walipofika ziwani wageni waliketi kupumzika, wakawa wanachomoa vile vijitunda kimoja kimoja na kuvitupa matopeni, huku wakistaajabia mbega. Hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Hilo lishikeni, jamaa.

Mvua zikanyesha. Buya alipopita tena aliona miche migeni ukingoni, yenye majani manene. Akapita. Alipoiona tena ilikuwa imemfika magotini, imezaa miba. Angeweza kuwaambia wazee, lakini aliona haya. Tangu hapo hakutulia. Nyumbani alimkaripia Nana bila sababu. Akiambiwa ale, alikula akiwa amesimama. Na mto ukafurika, ukaichukua ile mbegu ukaitawanya.

Kiangazi kilipoingia, maji ya ziwa yalipungua na miche mipya ikaota juu ya tope. Nyika yote ilikuwa imekauka; kijani kilikuwa pale tu. Halkano, Muorma aliyekuwa rafiki wa Buya tangu enzi za baba zao, alileta ndama wake, wale ambao sotoka ilimwachia. Walikula lile jani changa. Alasiri wakaanza kuyumba. Wakaanguka, wakapiga mateke, wakafa.

Halkano alikuja nyumbani kwa Buya, vumbi limemjaa usoni.

"Buya, wewe ndiwe ujuaye msitu. Jani gani lile? Limetoka wapi?"

Buya akainuka kumtafutia mgeni kigoda.

"Sema, Baba Nana," Arafa akamwambia. "Ukinyamaza, nitasema mimi."

"Niliwapitisha wageni," Buya akasema. "Sikuwakung'uta. Nikaona limeota, nikanyamaza."

Halkano hakupiga kelele. "Sotoka ililetwa na Mungu, ndugu yangu. Hii imepita mkononi mwako." Akageuka, akaenda zake.

Mahmoud alipopata habari alikuja na wenzake, wakainama matopeni pamoja na Buya na wazee, waking'oa mpaka viganja vikatoka damu. Lakini mbegu nyingine ilikuwa imelala chini ya udongo, na kila mvua iliota upya. Iliingia hata shamba la Arafa; mwaka ule alivuna mpunga kidogo, akalia hadharani.

Zamani Gumato, mkewe Halkano, alikuwa akileta maziwa na kurudi na mpunga. Sasa hakuja tena. Buya akamtuma mtu ng'ambo, awaombe warudi, kwamba sehemu moja ya ukingo imesafishwa.

Jibu alilitoa Gumato mwenyewe: "Mwambie tutarudi siku ndama wetu watakaporudi."

Funzo

Jamaa, madhara hayangoji nia mbaya, kutojali kunatosha. Unapoingia mahali palipohifadhiwa, angalia unachokibeba katika nguo na nyayo zako, maana mbegu haiombi ruhusa ya kuota. Nawe mwenye kuongoza wageni, usione haya kuwasimamisha. Na ukikosea, sema mapema, miche ikiwa bado michache. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mwiba wa Buya haukuota mguuni mwake peke yake.