Mlango Mwekundu wa Lori la Polepole

Kila asubuhi Polepole aliosha lori kabla ya kunawa uso. Alipanda kwenye bampa na kitambaa chake, akasugua kioo cha mbele mpaka akajiona. Mke wake alimtazama kutoka dirishani.

"Baba mwenye lori," akamwita, "na sisi wengine utatuosha lini?"

Polepole alicheka. Jina hilo alipewa na madereva wenzake. Hakuwa mvivu. Kwa miaka kumi na minne aliendesha malori ya watu bila kuangusha mzigo wala kugonga hata kuku. Sasa alikuwa na lori lake mwenyewe. Lilikuwa la bluu, la mtumba, na kiti cha dereva kilikuwa kimechanika. Mke wake alikishonea kitambaa kipya chenye maua. Polepole aliona aibu ya maua kwa siku mbili, kisha akayazoea.

Mke wake alikuwa mshonaji. Zamani alikuwa na cherehani tatu. Mbili ziliuzwa ili lori lipatikane. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwenyewe, "Uza. Nitabaki na moja, kwani mikono yangu ni mingapi?" Lakini siku wanunuzi walipokuja kuzichukua, aliingia chumbani akalia kidogo, kisha akatoka amenawa uso. Wakati huo alikuwa mjamzito wa miezi minne. Mtoto huyo walikuwa wamemsubiri kwa miaka tisa.

Nyumbani kulikuwa na mtu wa tatu, baba yake Polepole. Mzee huyu naye alikuwa dereva wa malori katika ujana wake. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa. Kila asubuhi alisema, "Liwashe nilisikie." Polepole aliwasha. Mzee alisikiliza, kisha akaitikia kwa kichwa. "Hilo lina afya," alisema, ndipo akaomba chai yake.

Lakini lori lisilo na mzigo ni pambo tu. Mtu mwenye lori moja hapati mizigo mikubwa kwa urahisi. Kwa hiyo wengi huingia mkataba na kampuni ya usafirishaji. Lori linabaki mali ya mwenyewe, kampuni inamtafutia mizigo, na malipo wanagawana. Polepole alitaka kufanya hivyo. Kwa wiki mbili alizunguka mjini akitafuta kampuni.

Siku moja mchana alirudi akipiga honi tangu kona ya kwanza. Mshonaji alitoka nje akashika mdomo. Lori lilikuwa la bluu kama kawaida, lakini mlango mmoja ulikuwa mwekundu.

"Umegongwa?" aliuliza.

"Nigongwe na nani? Hiyo ni rangi ya kampuni yetu," Polepole alisema. Alikuwa amevaa kofia mpya nyekundu. "Mke wangu, kampuni ile ya malori mekundu imenikubali. Ukiona geti lao, utadhani ni la ikulu. Kila safari wanalipa kuliko kampuni zote. Ila wanataka lori lipakwe rangi yao. Nikaona nianze na mlango mmoja."

"Kwani umeshatia sahihi?"

"Bado. Wamenipa mpaka Ijumaa saa sita. Nafasi zimebaki mbili tu."

Alimpa karatasi za mkataba. Zilikuwa kurasa kumi na moja.

"Umeusoma?"

"Nimesoma ukurasa wa kwanza. Ule wa malipo."

Mshonaji alimtazama mume wake kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe si ndiye Polepole? Haraka hii umeitoa wapi?"

Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akaanza kusoma. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, jinsi anavyofuata chaki kwenye kitambaa. Hakusoma upesi, lakini hakuruka neno. Polepole alizunguka zunguka chumbani. Mzee alikaa pembeni akisikiliza.

Kwenye ukurasa wa saba kidole kilisimama.

"Sikilizeni," alisema. "'Mwenye lori atapokea kila mzigo atakaopangiwa.' Na hapa chini: 'Mwenye lori akiondoka kabla ya miaka miwili, lori litabaki kwenye yadi ya kampuni mpaka madai yote yamalizike.'"

"Litabaki? Lori langu?" Polepole aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

Polepole alivua kofia, akaivaa tena. "Hayo ni maneno ya kutishia tu. Kila mkataba unayo."

"Una hakika?"

"Sina," alisema. Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo mke wake alilompendea.

"Basi tukamuulize Mama Presha. Kuuliza si ujinga."

Mama Presha alikuwa jirani yao, fundi wa tairi. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, pale malori yanapoegeshwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna tairi lililopita mbele yake bila kupimwa upepo. Alimchukulia Mshonaji kama mdogo wake wa damu, na Polepole alikuwa shemeji yake wa kutaniwa.

"Shemeji," alisema alipoliona lori, "hilo lori linaumwa jino upande mmoja?"

Polepole alieleza. Mama Presha aliacha kutania. Alifuta mikono yake yenye masizi, akakaa juu ya tairi bovu.

"Ulipofika kwao uliangalia nini?"

"Malori yao. Yanang'aa, Mama Presha. Mapya matupu."

"Yale ni ya kampuni, na madereva wake ni wa mshahara. Tairi likipasuka, kampuni inanunua. Wao watakuambia kampuni ni nzuri, na hawasemi uongo. Lakini wewe hutakuwa kama wao. Wewe utakuwa na lori lako. Muulize mwenye lori lake. Na kabla hujamuuliza, angalia tairi zake."

"Tairi zinasema nini?" Mshonaji aliuliza.

"Mdogo wangu, mtu akipata kitu, kwanza ananunua tairi. Akibanwa, anaziba viraka. Wenye malori yao walio na kampuni nyekundu huja hapa na tairi vipara. Nimeshaziba mpaka naona haya kuchukua malipo." Alinyoosha kidole. "Yule pale ni mmoja wao. Nenda kamsalimie. Dereva akisubiri tairi, hana kazi ila kusema kweli."

Mtu huyo alikuwa mwembamba, amekaa kwenye kivuli cha lori lake jekundu. Polepole alimsalimia na kumuuliza habari za kampuni. Mtu yule alicheka bila furaha.

"Malipo ya safari ni makubwa, kweli," alisema. "Lakini mafuta lazima ununue kwenye pampu yao, kwa bei yao. Ukisubiri kupakia siku nne, hizo siku nne ni zako. Bima, maegesho, hata hiyo kofia uliyovaa, vyote vinakatwa."

Polepole alivua kofia.

"Na mzigo ukiukataa?" Mshonaji aliuliza.

"Nilikataa mara moja. Mwanangu alikuwa amelazwa. Wakaniweka kando mwezi mzima bila mzigo. Nikasema basi, naondoka. Wakanionyesha ukurasa wa saba." Aliangalia chini. "Mimi sikuusoma, ndugu yangu. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu."

Walirudi nyumbani. Polepole alimweleza baba yake yote waliyoyasikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini malipo yale, baba. Ningeweza kumrudishia huyu cherehani zake kabla ya mwaka kwisha."

Hapo Mshonaji alielewa haraka ile ilitoka wapi. Alimshika mkono.

Mzee alikohoa. "Kaa chini, mwanangu. Kuna jambo sijawahi kukueleza vizuri. Mama yako alipozidiwa, habari ilinifikia njiani. Nilikuwa na lori la tajiri. Nikaomba nirudi. Tajiri akasema, shusha kwanza. Nikashusha. Akasema, kuna mzigo mwingine, geuka nao. Niliomba, mwanangu. Niliomba kwa simu ya dukani, watu wote wakinisikiliza. Nilifika nyumbani siku ya nne, nikakuta mmeshamzika."

Polepole alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule. Siku zote alidhani baba yake alichelewa kwa sababu barabara zilikuwa mbaya.

"Mimi lori halikuwa langu," mzee alisema. "Sikuwa na la kufanya. Lakini wewe lori ni lako. Ukiuza ruhusa ya kusema hapana, umenunua nini?"

Ijumaa saa sita ilipita. Polepole hakwenda kwenye geti la ikulu. Mchana huo mkewe alikuwa akiandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Kwenye ukurasa mpya aliandika maswali. Nani ananunua mafuta, na wapi? Bima ya mzigo ni ya nani, na ya lori ni ya nani? Siku za kusubiri zinalipwa? Malipo yanatoka baada ya siku ngapi? Ukitaka kuondoka, unaondokaje? Swali moja alilipigia mstari mara mbili: mzigo unaweza kukataliwa?

Walikwenda na daftari hilo kwenye kampuni tatu. Ya kwanza iliwaambia maswali ni mengi mno. Ya pili ilijibu vizuri, lakini ilikuwa na mizigo ya msimu mmoja tu. Ya tatu ilikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la saruji, na feni yake ililia kama kifaranga. Kabla ya kupanda ngazi, Polepole alizunguka yadi akitazama tairi. Aliongea na wenye malori wawili. Mmoja alilalamika kwamba safari za mbali ni chache. Lakini tairi zake zilikuwa nzima.

Meneja alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alisikiliza maswali yote.

"Kwa safari moja tunalipa chini ya wale wa malori mekundu," alisema. "Nisikudanganye. Lakini mafuta unajaza utakapo. Bima ya mzigo ni juu yetu, ya lori ni juu yako. Ukisubiri kupakia zaidi ya siku moja, tunakulipa. Ukitaka kuondoka, tupe taarifa siku thelathini kabla, na lori lako unaondoka nalo."

"Na kukataa mzigo?"

"Unaweza. Ila utuambie mapema, tusimwache mteja njia panda."

"Malipo je, yanatoka lini?"

"Ndani ya siku kumi na nne baada ya kushusha."

Mshonaji alifungua mkataba, akatafuta kwa kidole. "Hapa hamkuandika siku kumi na nne."

"Lakini ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Naamini, dada. Hata mimi wateja wangu nawaamini. Lakini mteja akisema mikono mifupi, naandika. Siku ya kuchukua nguo hatubishani."

Meneja alimtazama, kisha akatabasamu. Alichukua kalamu, akaongeza sentensi, na wote wakatia sahihi ndogo pembeni yake.

"Uliobaki wote mkausome nyumbani," alisema.

"Tuurudishe lini?" Polepole aliuliza.

"Mkishauelewa."

Waliusoma siku mbili. Siku ya tatu Polepole alitia sahihi, na nakala moja wakaiweka kwenye sanduku la nguo, pamoja na kadi ya lori.

Kazi ilianza. Haikuwa mteremko. Baadhi ya wiki mizigo ilikuwa michache, na Polepole alinung'unika. Lakini malipo yalikuja kwa siku zilizoandikwa. Mwezi wa tatu alinunua tairi mbili mpya za mbele. Mama Presha alizipima upepo, akazigonga kwa ngumi, akasema, "Sasa shemeji umekuwa mtu." Kampuni haikujali rangi ya lori, kwa hiyo mlango mwekundu ulibaki hivyo hivyo. Kila Polepole alipotaka kuupaka bluu, mkewe alisema, "Uache. Unatukumbusha ukurasa wa saba."

Jioni moja, kabla jua halijazama, Mshonaji aliacha kushona akashika kiuno. Polepole alikuwa nyumbani, anakula. Wakati huo huo simu yake ililia. Ilikuwa ofisi juu ya duka la saruji.

"Kesho alfajiri kuna mzigo. Safari ya siku tano. Nzuri."

Polepole alimtazama mke wake. Mzee, pembeni, aliacha kutafuna. Alikaza masikio yale mazima, na mkono wake ukashika ukingo wa kiti.

"Kesho siwezi," Polepole alisema. "Mke wangu anakaribia kujifungua."

Kwenye simu ilisikika karatasi ikifunuliwa.

"Sawa. Nitampa mwingine. Mungu amsaidie, utupigie ukiwa tayari."

Polepole aliweka simu chini.

"Wamesema nini?" mzee aliuliza.

"Wamesema sawa, baba."

"Basi? Sawa tu?"

"Sawa tu."

Mzee aligeuza uso wake ukutani. Mabega yake yalitikisika. Polepole alichukua kapu la nguo za mtoto, akamshika mke wake, wakatoka. Alimpandisha taratibu kupitia mlango mwekundu, akaendesha mpaka hospitali kwa mwendo ule uliompa jina.

Mtoto alizaliwa asubuhi, msichana. Walimpa jina la bibi yake. Siku ya pili walimleta nyumbani, na Mshonaji akamweka mikononi mwa babu yake. Mzee hakuweza kumwona vizuri. Alimgusa kwa ncha za vidole, paji la uso, pua, kidevu. Kisha akainama kwenye sikio lile dogo, akamwita kwa jina la marehemu mke wake.

"Sikiliza nikwambie," alisema. "Ulipokuja, baba yako alikuwepo."