Maili Mia Mbili na Nane

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1958, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mwongeli alikuwa ameketi ndani ya pikapu ya mumewe pale Majengo, Thika, kitabu kikubwa kimefunguka mapajani, akapiga ukelele ambao jirani wa tatu aliusikia.

"Baba Kalondu! Njoo upesi! Kuna mtu ameandika ndani ya kitabu changu!"

Kaleli Muasya alitoka mbio, nusu ya uso sabuni tupu, wembe mkononi. Kabla hujamcheka, ujue kwanza kitabu hicho kilikuwa kitu gani. Kaleli alikuwa fundi wa pampu za maji, hajaajiriwa na mtu. Alizunguka mashamba ya kahawa na mkonge kuanzia Thika mpaka Ruiru, na bila pikapu hana kazi. Serikali ilipomdai kodi ya mapato, aliambiwa kwamba gharama za gari zinaweza kupunguzwa kwenye hesabu yake, lakini kwa maili za kazi peke yake, na kila maili iwe na ushahidi. Mafundi wengine walikisia. Kaleli na mkewe waliandika.

Na si kuandika kwa mchezo! Kaleli alikataa katakata kusoma mwenyewe mita ya gari inayohesabu maili. "Mimi ndiye ninayefaidika," alisema, "basi macho yawe ya mtu mwingine." Kwa hiyo Mwongeli, aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, ndiye aliyesoma mita kabla gari halijatoka na tena likirudi. Safari ya kazi aliiandika safu ya kushoto, ya kanisani au sokoni safu ya kulia. Kila Jumatatu alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake namba ya mita, hata kama ukurasa wa juma lililopita ulibaki nusu mtupu. Kurasa zenyewe zilikuwa na namba za kiwandani, hivyo hakuna wa kuchana moja akajidai haikuwapo.

Sasa hiyo mistari mitupu ilikuwa imejazwa.

"Tazama," Mwongeli alisema. "Ukurasa wa kumi na nne, chini. 'Thika–Ruiru, kwenda na kurudi, pampu, maili 26.' Ukurasa wa kumi na tisa, vivyo hivyo. Nimehesabu mistari minane. Mwandiko ameuiga vizuri, Mungu wangu, hata mimi ningedanganyika. Lakini kitabu sasa kinaipita mita kwa maili mia mbili na nane."

Kaleli alikaa chini kwenye ubao wa kupandia gari. Jumamosi saa nne asubuhi walitakiwa kufika kwa Bwana D'Mello, afisa wa kodi, wakiwa na kitabu na gari lenyewe. Barua ilisema wazi: kitabu na mita visipolingana, madai yote ya gari yatatupwa, na faini juu. Fedha hizo Kaleli hakuwa nazo. Ingebidi pikapu iuzwe, naye arudi kuomba kibarua kwenye mashamba yale yale ambako sasa aliitwa Bwana Fundi.

"Tufute," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukifuta inaonekana umefuta. Na nani atatuamini?" Mwongeli alifunga kitabu. "Jumanne jioni nilijumlisha kila kitu, kikalingana na mita, maili kwa maili. Leo ni Alhamisi. Jana gari lilikuwa wapi?"

"Ruiru kwa Omondi, springi imevunjika. Nililiacha saa tatu, nikalichukua saa kumi."

"Basi nawa uso. Tunakwenda Ruiru."

Gereji ya Omondi ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Mwenyewe alitoka chini ya lori akijipangusa mikono.

"Shemeji! Gari lenu la viatu vikubwa lina nini tena?"

Alipenda kulitania hivyo. Mwaka 1956 ndiye aliyelivika matairi makubwa ya lori, kwa sababu udongo mweusi wa upande wa Juja uliyameza matairi madogo kila mvua inyeshapo. Mwongeli hakucheka. Alimweleza yote.

"Aa! Na mimi niweke kwenye orodha," Omondi alisema. "Usinionee haya. Gari lilikuwa kwangu."

"Nimekuweka. Nani mwingine alikuwa hapa?"

"Gichuru alikuja saa nne, nikamtengenezea pikipiki mpaka saa tano. Alikaa kwenye debe, hapo karibu na mlango wa gari lenu. Halafu karani Ndung'u alifika na baiskeli yake saa sita kunijazia fomu ya kodi. Nilikuwa nanoa chuma, vumbi tele, nikamwambia aandikie ndani ya pikapu. Aliondoka saa nane. Wengine hawakupita."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya gari, shemeji. Mimi naona miguu tu."

Gichuru! Kaleli alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. Gichuru naye alikuwa fundi wa pampu, na juma lililopita alitangaza sokoni Ruiru kwamba karibuni Kaleli atakwenda kazini kwa miguu. Walimkuta nyumbani kwake, nyuma ya soko, saa sita kasoro robo, akipaka mafuta pikipiki.

"Ulisema Kaleli atatembea kwa miguu," Mwongeli alianza. "Ulijuaje?"

"Sikujua. Niliomba!" Gichuru alisema bila haya. "Ameninyang'anya mashamba mawili mwaka huu. Ulitaka nimwimbie?"

"Jana ulikaa karibu na gari letu saa nzima. Kitabu kilikuwa kwenye kiti."

"Nilikiona. Sikukigusa."

Mwongeli alitoa karatasi na penseli. "Basi niandikie hapa: Thika, Ruiru, pampu. Nilinganishe mwandiko, tumalizane."

Gichuru aliitazama penseli. Jasho lilimtoka. Akaangalia huku na huku kama watoto wake wako karibu, kisha akanong'ona kwa hasira, "Ngai! Mama, umekuja kunivua nguo nyumbani kwangu? Mimi na penseli hatujuani. Sikupelekwa shule. Sahihi yangu ni kidole gumba, na hata mke wangu wa pili hajui."

Mwongeli aliona aibu mpaka masikioni. "Nisamehe, Gichuru. Halitatoka kinywani mwangu."

Njiani kurudi Thika, Kaleli alinung'unika kwamba wamebaki karani na Omondi, na Omondi ni rafiki.

Ijumaa saa tatu asubuhi walimwendea Ndung'u. Huyu alijaza fomu za kodi za watu kwenye baraza ya duka moja mjini Thika, koti limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Alipewa habari, akapiga ulimi kwa masikitiko.

"Nilikiona kitabu chenu kitini, ndiyo. Nilikisogeza nikakaa. Sikukifungua. Lakini huyo Gichuru, mh! Wivu wake mnaujua." Akainama karibu. "Sikilizeni, ndugu zangu. Nipeni shilingi thelathini. Nitawaandikia kitabu kipya chote, safi, jioni mnakichukua. D'Mello atajuaje?"

Kaleli alimtazama mkewe. Thelathini alikuwa nazo.

"Hapana, karani," Mwongeli alisema. "Kila mstari wa kile kitabu niliuandika siku yake, nikiwa nimeketi garini. Kikiandikwa leo kwa siku moja, kitakuwa uongo hata kama namba zote ni za kweli."

"Afadhali uongo wenye gari kuliko ukweli wa kutembea," Ndung'u alisema, akiwageukia wateja wengine.

Mchana ule Mwongeli alikaa mezani na kitabu. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Safari zake mwenyewe za Ruiru, kwenda na kurudi: 24. Tena 24. Tena 24. Safari za mgeni: 26, mara nane. Akasimama akaita, "Baba Kalondu! Osha gari nyuma na mbele. Kesho tunabeba wageni."

Jumamosi, tarehe 11, saa nne kamili, walikuwa mbele ya meza ya Bwana D'Mello, mjini Thika. Omondi alikuja kwa kuombwa. Gichuru alikuja bila kuombwa na mtu, akasimama karibu na mlango. Ndung'u alikuwapo kama kila Jumamosi, na rundo la fomu za wateja wake. Afisa alijumlisha, akatoka nje kusoma mita, akarudi uso umekunjamana.

"Maili mia mbili na nane zaidi, Bwana Kaleli. Hili si kosa la kalamu."

"Ni kweli, Bwana," Mwongeli alisema kabla mumewe hajafungua mdomo. "Hizo maili si zetu. Aliyeziandika yumo humu ndani. Naomba nimwulize karani Ndung'u swali moja."

"Uliza."

"Karani, Thika mpaka Ruiru ni maili ngapi?"

Ndung'u alicheka. "Kumi na tatu. Hata mtoto anajua. Mawe ya maili yako kando ya barabara, nayapita kwa baiskeli kila juma."

"Bwana D'Mello, tafadhali panda gari letu. Twende Ruiru na kurudi, mita uisome mwenyewe."

Afisa alitazama saa yake, akatazama kile kitabu kilichoandikwa kwa mwandiko wa subira, akachukua kofia. Aliandika 39,774 kwenye karatasi yake. Waliosalia walipanda nyuma, Ndung'u pia, maana kukataa kungeonekana vibaya. Mpaka stesheni ya Ruiru, wakageuza, wakarudi. Saa tano na dakika ishirini D'Mello aliinamia mita mara mbili.

"39,798. Ishirini na nne? Ingekuwa ishirini na sita."

"Mweleze, Omondi," Mwongeli alisema.

"Ni viatu vyake, Bwana. Matairi ya lori. Tairi kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa njia ile ile, na mita inahesabu mizunguko. Kila maili kumi na tatu, inaonyesha kumi na mbili."

"Kwa hiyo," Mwongeli alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imesimama wima, "gari hili halijawahi kuandika ishirini na sita toka hapa mpaka Ruiru na kurudi. Aliyeandika alihesabu mawe ya barabarani. Watu watatu walikaa karibu na kitabu Jumatano. Omondi ndiye aliyefunga matairi. Angeandika ishirini na nne. Gichuru nilimhoji, nikaridhika."

"Kwa sababu gani?" afisa aliuliza.

"Sababu ninayo mimi, Bwana."

Gichuru alivua kofia. "Mwambie tu, mama." Mwongeli alitikisa kichwa. "Basi nitasema mwenyewe. Sijui kuandika, Bwana. Hata jina langu." Alisema hivyo mbele ya watu wote, kichwa juu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Amebaki mmoja," Mwongeli alisema. "Aliyekaa garini saa mbili nzima akiwa na kalamu tatu."

"Uongo!" Ndung'u alifoka. "Kila mtu anajua kumi na tatu! Ni ushahidi gani huo?"

Lakini D'Mello alikuwa amekwisha ingia ofisini, wote nyuma yake, na kuvuta fomu kwenye lile rundo. Alizisoma kwa sauti. Muuza mkaa: Thika–Ruiru, 26, mara arobaini. Mwenye lori: 26, mara arobaini. Fundi wa baiskeli: 26, mara arobaini.

"Huyu fundi wa baiskeli," Omondi aliuliza, "gari alipata lini?"

Ndung'u alitazama mlangoni, na Gichuru alikuwa amesimama hapo hapo. Mabega yakamshuka.

"Mlitaka nife njaa," alisema. "Watu walianza kuja kwangu wakiuliza kitabu cha Kaleli kikoje. Wawili waliacha kunilipa, wakaanza kuandika wenyewe. Kitabu kile kikikubaliwa leo, kesho Bwana atawadai wote vitabu, na hizi fomu zangu zote... Nilitaka tu kionekane cha uongo kama vingine. Kisha mngekuja kwangu."

"Tulikuja," Kaleli alisema. "Ukataka thelathini."

D'Mello alimwambia Ndung'u aketi, atangojea polisi. Kisha akachukua wino mwekundu, akaikata mistari ile minane, mmoja mmoja, akatia sahihi kando ya kila mmoja. Alijumlisha upya. Kitabu na mita vililingana.

"Madai yako yamekubaliwa yote, Bwana Kaleli. Na unajua kwamba miaka yote hii umekuwa ukijipunja? Maili zako za kweli ni nyingi kuliko ulizodai."

"Tuliandika tulichokiona," Kaleli alisema, akimtazama mkewe hadi akasahau kufunga mdomo. "Na anayeona ni huyu. Miaka miwili hajakosea hata maili moja, Bwana. Hata moja!"

Mwongeli alikuwa amekwisha fungua kitabu. Tarehe 11 Oktoba. Thika–Ruiru, kwenda na kurudi, 24.

"Iandike ya kazi," afisa alimwambia akitabasamu. "Hiyo ninaikubali mimi mwenyewe."

Mwongeli alimtazama, kalamu imesimama hewani.

"Tumetengeneza pampu gani leo, Bwana?" aliuliza, akaiandika safu ya kulia.