Murwaza wa Nne

Tuelewane kabla hatujaenda mbali: haya sikuhadithiwa. Nilikuwa humo humo, kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta kuanzia pajani, katika kituo kimoja cha afya hapa Nyamirambo ambacho jina lake nakuficha kwa faida yako. Shule niliiachia darasa la tano, lakini macho sikuyaachia huko.

Siku ile muuguzi Vestine aliingia wodini saa tano asubuhi, akahesabu kama kawaida yake. Wagonjwa wanne. Warwaza wanne, kila mgonjwa na ndugu yake wa kumlisha na kumfulia. Hesabu ilikaa sawa, na hapo ndipo ilipomsumbua, maana mgonjwa wa plasta, yaani mimi, sikuwa na murwaza. Mke wangu alikuwa ameapa hanitii machoni mpaka nieleze nilikuwa natoka wapi nilipoanguka na pikipiki.

Wa nne alikuwa mama wa makamo, kitenge cha bluu, beseni miguuni. Alikuwa akimpangusa mtoto Hirwa paji la uso kwa kitambaa, taratibu, anakikamua ndani ya beseni, anapangusa tena. Alinuka kama pasi ya mkaa inapopita juu ya nguo mbichi.

"Yule ni wa nani?" Vestine akamwuliza Iradukunda, mama yake Hirwa.

"Si wa yule wa plasta? Muganga, Mungu ambariki! Usiku kucha mtoto amelia kwa kifua chake, lakini tangu huyu mama amguse, kimya. Ona, amelala kama mtu mkubwa."

Wodi nzima ilikuwa kimya. Mzee Twagirayezu, aliyekuwa akiguna kila mkojo ulipomchoma, alikuwa akiitabasamia dari. Ariane, mwenye mimba ya miezi minane, alisema kichwa kilichomgonga siku mbili kimepoa, tena anataka soda.

Akaja Eustache, mkuu wa kituo, na karatasi za ruhusa mkononi.

"Umeona, Vestine? Homa hakuna, kelele hakuna. Wote nyumbani leo."

"Shefu, ngoja kwanza nimtazame mtoto."

"Unatafuta nini? Si amelala!"

"Ndicho ninachoogopa."

Akainua kishati cha Hirwa, akashika saa. Pumzi sabini na mbili kwa dakika moja, na mbavu zinazama ndani kila akivuta. Akamfinya kidole cha mguu. Mtoto hakujikunja. Akaenda kwa mzee, akamwuliza leo ni siku gani, na mzee akamwita kwa jina la marehemu mkewe, akataka kujua kama mbuzi wamefungwa. Vestine alijua wazee: mwili ukishindwa kupandisha homa, akili ndiyo inayopotea njia. Akamfunga Ariane kipimo cha presha. Mia moja sabini na tano kwa mia na kumi na tano, na miguu imevimba, ukibonyeza shimo linabaki.

"Mimi niko sawa kabisa, muganga," Ariane akacheka.

Hakuna aliyekuwa amepona hata mmoja. Walikuwa wamenyang'anywa maumivu, wakaachiwa ugonjwa.

Vestine akageuka. Yule mama alikuwa anakamua, na kila tone lilipoanguka ndani ya beseni, Vestine alisikia mtoto akilia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akasogea, harufu ya pasi ikazidi, akasogea tena, na chini ya kilio cha mtoto kulikuwa na mguno wa mzee, na chini ya mguno sauti ya mwanamke inayosema kichwa changu, kichwa changu, na maji yenyewe, mchana ule mweupe wa saa sita, hayakuonyesha dari wala dirisha wala uso wa yule aliyeyainamia.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Murwaza. Wanalia, nakuja. Wewe wakilia unawachoma sindano."

"Mrudishie mtoto kilio chake."

"Muulize mama yake. Mama Hirwa, unataka mwanao alie?"

Iradukunda akatikisa kichwa. "Muache apumzike, muganga. Nakuomba."

"Umesikia? Jua halijazama atakuwa amepumzika kabisa." Akainua kitambaa. "Na wewe Vestine, huo mgongo unakuuma tangu ulipokuwa Bujumbura. Lete."

Kitambaa kikamgusa bega. Jamani, raha! Akatamani kukaa chini pale pale asinyanyuke tena, na kwa mbali akamsikia Eustache akifurahi: "Haya, ona, hata pumzi zimeshuka! Arobaini! Thelathini!"

Thelathini. Mtoto aliyekuwa anapumua mbio hivyo, akipunguza ghafla bila dawa, hajapona: amechoka kupumua.

Vestine akalinyakua beseni kwa mikono miwili, akammwagia Hirwa kifuani, yaliyobaki akawarushia wengine.

Wodi ikalipuka. Mzee akapiga yowe, Ariane akashika kichwa, Hirwa akalia kilio kilichokatika kila pumzi. Iradukunda akavua kandambili, akamchapa muuguzi usoni.

"Unaniulia mwanangu!"

"Analia, mama! Msikilize, analia!"

Eustache alikisikia kile kilio kinavyokatika. Karatasi zikamwanguka, akakimbilia oksijeni na simu. Na jini lile likanguruma, likapaa kwa kishindo, likang'oa bati la paa kubwa kama mlango.

Ambulensi iliwachukua wote watatu hadi hospitali kubwa. Vestine alipanda naye Hirwa, akimfinya njia nzima asinyamaze. Mtoto alipona, juzi tu ameniuma kidole. Ariane alipasuliwa, ana binti. Mzee anajua leo ni Jumanne.

Ila kwa kuwa umenisikiliza vizuri, nikupe haki yako: la bati nililitunga mimi. Watu wanapenda jini litoke kwa vurugu. Kweli yenyewe ni kwamba alikunja kitambaa chake, akachukua beseni tupu, akatuaga kitanda kwa kitanda, na kutoka dirishani nikamwona anasimamisha pikipiki, anavaa helmeti, anafunga kamba kidevuni kama sheria inavyotaka. Dereva akamwuliza wapi. Akanyoosha kidole kwenye ambulensi.

Hospitali kubwa ile, wodi ya watoto ina vitanda themanini. Nasikia siku hizi wanaisifu kwa utulivu.