Goti la Marselino

Maiti ya Marselino ilikutwa imelala chali kwenye duara la kati la uwanja wa Kitahana, mikono imenyooshwa, kama mchezaji anayesubiri machela. Umande ulikuwa umemlowesha shati. Waliomwona kwanza ni wanawake waliokuwa wakienda kutoa mihogo yao majini. Walidhani amelewa. Walipomkaribia, waliacha vikapu palepale wakarudi mbio.

Inspekta Elisante alipofika na Koplo Kasian, nusu ya kata ilikuwa imeshaukanyaga uwanja. Nyayo hazikuwa na maana tena. Alichutama, akamtazama marehemu kuanzia kichwani kwenda chini. Povu lililokauka pembeni mwa mdomo. Hakuna jeraha, hakuna damu. Goti la kulia limevimba kama kibuyu.

"Nani alikuwa naye mara ya mwisho?"

Watu walitazamana. Akajitokeza Nickson, mwenyekiti wa timu, mtu wa Njombe aliyekuja huku zamani kutibu ng'ombe na sasa ana duka lake la dawa za mifugo pale senta. Mkononi alishika mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na mrija wa tete, ule wa kunywea pombe ya chungu. Alisema ameuokota majanini, karibu na mkono wa marehemu, kabla watu hawajaukanyaga.

"Ni kazi ya Niyonsaba hii, afande," alisema. "Hapa hakuna asiyeijua mirija anayoichonga. Jana jioni walikuwa wanakunywa pamoja."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba Mrundi hasahau. Hapo kundi likaanza kusogea kuelekea njia ya kwa Niyonsaba, na wengine walikuwa wametoka shambani na mapanga yao. Elisante alimtuma Kasian awatangulie kwa pikipiki. Kasian alikuta mlango wazi, maharage yanachemka jikoni na mke amesimama uani. Mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka. Kelele hutembea haraka kuliko miguu.

Basi, ugomvi wenyewe ulikuwa huu.

Timu ya Kitahana ilikuwa imeporomoka kutoka ligi ya mkoa. Wachezaji wakubwa wakatawanyika, huyu kwenye dhahabu Geita, yule kwenye bodaboda Kasulu mjini. Wakaanza upya na vijana. Vijana walifungwa kila Jumapili, lakini kila Jumapili walifungwa kidogo kuliko iliyopita, na mwenye macho aliona. Ndipo zikaja habari kwamba timu ya Nyakitonto, huko Kasulu, iko tayari kumwachia Marselino, mshambuliaji mkongwe aliyewahi kucheza Dar es Salaam, jina lake likatajwa redioni watu wakaacha kula. Nyakitonto hawakutaka fedha. Walimtaka Pasikali, kijana wa Niyonsaba, mwenye mguu wa kushoto usioonekana unapopita. Juu yake walitaka pikipiki ya bodaboda ya Kitahana, mali pekee ya timu, iliyokuwa ikiinunulia mipira na jezi.

Kwenye mkutano Niyonsaba alisimama akasema nyumba ikiungua huanzwa upya na miti michanga, fito kwa fito. "Nyie mnanunua mlango wa zamani," alisema, "mnausimamisha peke yake kiwanjani, mnasema tumejenga." Nickson akajibu kwamba mtoto anayefungwa kila wiki bila mkubwa wa kumshika mkono hujifunza kufungwa tu. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukwisha. Mikono iliponyooshwa, Niyonsaba alishindwa. Kuna aliyemwambia akae chini, kwani hata uraia hajapewa.

Hilo lilimchoma. Alizaliwa hukuhuku, wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, na sasa ameshakula kiapo, anasubiri hati. Akafoka, "Mzee wenu huyo mtamzika kabla hajafunga goli."

Sasa kila mtu aliyakumbuka maneno hayo. Na Elisante alijua jambo moja zaidi: mwenye kesi ya mauaji hapewi hati, na hati ya Niyonsaba ndiyo iliyowabeba mkewe na watoto. Kama hakuua, alihitaji kurudi upesi na jina safi. Kama hatarudi, kukimbia kwake kutakuwa ndiyo hukumu.

Alimfuata mke wa Niyonsaba, mama Pasikali, akamkuta anachambua maharage asiyoyatazama.

"Mwambie arudi, mama."

"Arudi wapi, afande? Kwako, au kwa wale wa mapanga?"

"Kituoni atakuwa salama."

"Baba yake pia aliambiwa hivyo, aliporudi kule kwao. Akaenda kituoni. Mpaka leo tunamsubiri."

Elisante alikuwa mtu wa Same, aliyehamishiwa Kibondo bila kuuliza wala kuulizwa.  Mama akamwambia tu kwamba mumewe ana binamu Nyabibuye. Nyabibuye ni mpakani. Siku zile redio ilikuwa ikisema ng'ambo, Burundi, kumechafuka na watu wameanza kuvuka kuja huku. Anayekimbilia Nyabibuye hana mbele ila kule ambako wenzake wanakukimbia.

Alipofika hospitali, Daktari Elieth alikuwa amemaliza uchunguzi wa maiti na bado ananawa mikono.

"Sampuli zitakwenda maabara," alisema, "na majibu utayasubiri. Lakini njoo uone."

Akalifunua lile goti. Pembeni mwa pia ya goti palikuwa na tundu, na tundu limezungukwa na rangi ya zambarau.

"Sindano?"

"Sindano. Ila hapa hospitali hatuna nene hivi. Na rangi hiyo sisi hatupaki penye tundu la sindano."

"Na hilo goti lenyewe?"

"Limekwisha, Inspekta. Limekwisha zamani. Mtu huyu hakutakiwa kukimbia hata mvua."

Elisante akaomba wembe. Mrija wa Niyonsaba, ambao sasa ulikuwa kielelezo chenye namba, akaupasua taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ndani, mashapo ya pombe yalikuwa yamekauka kama gundi. Juu ya mashapo zilikaa chembe nyekundu za sumu ya panya, kavu, nzimanzima, hata moja haijayeyuka.

Wote wawili waliinama wakatazama. Sumu ingetangulia, pombe ingeisomba. Hapa pombe ilitangulia, ikakauka, ndipo sumu ikaja. Mrija ulitiwa sumu wakati mnywaji ameshamaliza kunywa.

Kutoka hospitali alikwenda kilabuni kwa Bibi Veronica, ambako pombe ya ndizi ya watu wawili ilikuwa imenywewa jana yake. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Elisante akaanza moja kwa moja na maswali. Bibi akaendelea kupepeta, akasema polisi wa siku hizi wanahoji hata bila kuamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kitendawili."

Elisante alitazama saa, akaona hana ujanja. "Tega."

"Makoo mawili, mdomo mmoja."

Akajibu chungu. Bibi akakataa. Akajibu mtungi, akakataa, akamwambia kama ameshindwa atoe mji.

"Haya, nakupa Kasulu."

"Kasulu nimekwenda, nimekula, nimekunywa, nimewakuta waliogombana wamepatana. Ni mrija, baba. Waliogombana wakija kwenye chungu changu, mrija wa pili nawanyima. Anavuta huyu, anampa mwenzake, anavuta yule. Sumu ya moyoni inaishia hapo. Ndivyo walivyokunywa hao wawili mpaka tukaona kitako cha chungu."

"Mrija mmoja? Mpaka mwisho?"

"Mmoja. Wa Niyonsaba mwenyewe. Na walipoagana akamwachia Marselino aende nao. Tulikuwa sisi watatu tu, jua linazama."

Elisante akauliza walizungumza nini. Bibi akaweka ungo chini. Alisema Marselino alilia kama mtoto. Alimwambia Niyonsaba goti lake lilikufa tangu Kasulu, kwamba Nickson amemwomba anyamaze na yeye hawezi tena. Jumapili, kabla ya mechi, angesimama mbele ya watu aseme ukweli, ili Pasikali arudishwe nyumbani. Niyonsaba alicheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kutoka hapo Marselino akasema anapita kwa mwenyekiti kumuaga.

Mtu haui anayemrudishia mwanawe. Hilo hata asiyejua kutegua aliliona.

Alasiri ile Nickson aliketi ofisini kwa Elisante, Biblia ndogo kwenye mfuko wa shati. Kasian alikuwa pembeni anaandika. Elisante alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote. Nickson akasema mtu asiye na hatia haogopi kusema.

"Unakunywa pombe, mzee?"

"Nimeokoka, afande. Tangu Njombe."

"Hujawahi kukaa kwenye chungu?"

"Mungu aniepushe."

"Kwa hiyo unadhani walikunywaje, hao wawili?"

"Wanywavyo wote. Kila mtu na mrija wake. Niyonsaba akautia sumu ule aliompa mwenzake, wake akauacha."

"Aliompa?"

"Ndiyo. Alimpa."

"Wewe umesema uliuokota majanini. Umejuaje kama alipewa?"

Nickson alilamba midomo. "Watu wanasema."

"Waliojua ni watatu. Mmoja yuko mochwari, mmoja amekimbia, wa tatu ni Bibi Veronica, na hujakanyaga kwake. Nani alikwambia?"

Nickson aligusa Biblia mfukoni.

"Walikunywa kwa mrija huo mmoja, mzee. Wote wawili. Niyonsaba ametoka pale anatembea. Sumu ungeitia chunguni ningehangaika zaidi."

 Elisante akasogeza kiti mbele, akashusha sauti, akasema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Sindano ya ng'ombe, unapomaliza kudunga, unapaka rangi gani?"

Nickson alitazama vidole vyake. Kucha mbili zilikuwa na zambarau bado. Akaiweka Biblia mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Sikutaka afe," alisema. "Nilitaka acheze."

Yakatoka yote, taratibu, bila machozi. Alisema alilijua lile goti tangu mazoezi ya kwanza. Mtu aliyetibu maksai maisha yake yote hafichwi mguu mbovu. Lakini mtoto wa watu alikuwa ameshapandishwa gari kwenda Nyakitonto, na pikipiki imeshaondoka. Ni yeye aliyewashawishi watu, nyumba kwa nyumba. Ni yeye aliyesema Mungu amemjibu. Akamwomba Marselino anyamaze, na wiki nzima akawa anamkanda kwa maji ya moto. Jana jioni Marselino akaja ananukia pombe, akasema amechoka kuwa uongo wa mtu mwingine.

"Nikamwambia, nikudunge mara moja tu. Jumapili ucheze kipindi kimoja. Kimoja tu, watu wakuone, halafu useme unavyotaka. Akakubali. Alinikubalia kwa huruma tu, alikuwa na huruma sana. Nikavuta dawa ya maumivu ya ng'ombe. Sikujua kama pombe na dawa ile haviishi nyumba moja."

"Hukujua, au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Alipoanguka, ulimwita nani?"

"Nilipiga magoti nikaomba."

"Hospitali ina gari, mzee."

 Nickson alisema alfajiri alimweka marehemu kwenye toroli, akamfunika magunia, akamsukuma mpaka uwanjani. Mrija ulikuwa mfukoni mwa marehemu, mwenyewe alikuwa ameshamwonyesha kwa furaha, akisema ni zawadi ya rafiki. Akautoa, akautia sumu ya panya ya dukani kwake.

"Nikawaza, Niyonsaba ana maneno mabaya aliyoyasema mbele ya watu. Nikawaza, yule si mtu wa hapa."

"Na wewe?" Elisante akauliza. "Wewe ni wa hapa?"

Kalamu ya Kasian ilisimama.  Nickson akaomba kalamu asaini.

Walimpeleka mahakamani kwa mlinzi wa amani akayarudia maneno yake, kisha mahabusu. Elisante hakusubiri chai. Alipanda gari na Kasian mpaka Nyabibuye, wakapita kwenye barabara ya vumbi wakipishana na watu wanaotoka ng'ambo, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi mmoja anavutwa na kizee. Kila aliyetokea, Elisante alimtazama usoni. Binamu wa Niyonsaba aliwaeleza kwamba mwenzao hakukaa hata kunywa maji. Alivuka mchana uleule, anakwenda juu wakati dunia nzima inateremka. Wale waliopishana naye walimwambia kule kunawaka moto. Akasema na huku pia.

Wakasubiri pale mpaka jua likachoka. Siku zilizofuata Elisante aliacha jina kwa kila aliyekuwa na simu upande ule. Hakuna aliyepiga.

Timu nayo ikaisha yenyewe, bila mkutano. Nyakitonto walipoombwa kumrudisha Pasikali walijibu kwamba wao walitoa mtu mzima, anayepumua. Kama Kitahana wamemwua, hilo si la kuwarudishia mtoto. Pasikali alikuja kwa ruhusa, akakaa uani kwao, akaondoka. Kasian aliyewahi kumwona akicheza Nyakitonto baada ya hapo alisema mguu wa kushoto sasa unaonekana vizuri tu.

Elisante alikwenda kwa mama Pasikali mara ya mwisho na kofia mkononi.

"Mumeo hana hatia, mama. Aliyefanya amekiri. Imeandikwa."

"Na hati yetu?"

Alikuwa ameshaiulizia. Mwombaji huipokea kwa mkono wake mwenyewe, na asipotokea jalada lake hufungwa. Alimwambia hivyo, kwa sababu kumdanganya kungekuwa kosa la pili.

Mama Pasikali alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali mzigo urudishwe kichwani.

"Basi mwiteni," alisema. "Siku ile mlikuwa wengi mkimwita muuaji, akawasikia akiwa mbali. Mwiteni na leo."