Pigo la Ziada

Binti wa fundi cherehani alisimamisha vijiti vya dramu, lakini pigo moja likaendelea. Tak. Akajiambia ni mwangwi wa chumba. Haya, mwangwi gani unaochelewa hivyo?

Mkono wake wa kushoto ulikuwa goigoi tangu aanze kupiga dramu, na Jumamosi bendi ingechagua mpigaji. Mjomba aliyemfundisha hakuwa na somo jingine: usiongeze kasi mpaka wa kushoto useme sawasawa na wa kulia. Binti alishachoka kutambaa. Alasiri ile alifoka, "Anayeweza kuuendesha mkono huu auchukue!"

Ukachukuliwa.

Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumbani, kiganja kikawa baridi, na kijiti cha kushoto kikaruka kwa kasi ambayo hajawahi kuiota. Alicheka kwa furaha. Lakini jioni, mama alipoinamia cherehani, mkono ule ulinyanyuka wenyewe, ukatua kwenye shingo ya mama na kuanza kugonga, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kisha vidole vikaanza kujikunja huku binti akiuvuta kwa mkono wa kulia na asiweze kuusogeza hata kidogo.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "toa mkono wako."

"Si wangu, mama."

Mjomba alikuja mbio, akaubandua kwa shida, akamketisha mpwa wake kwenye dramu. Kidude cha kuhesabia mapigo alikishusha hadi kasi ya chini kabisa.

"Jini ni moto," alisema kwa sauti ya chini. "Moto haujui kusubiri. Msubirishe."

Pigo. Kimya kirefu. Mkono ulitaka kuruka. Binti akauzuia, jasho likimtiririka.

"Nimekupa kasi," sauti ilimnong'oneza sikioni.

"Sikuitolea jasho. Chukua chako, toka!"

Pigo. Kimya. Sauti ikaanza kusihi, ikalia, ikatukana, na binti hakuongeza hata chembe ya kasi, mpaka mkono ulipoanguka pajani kama tambara bichi. Goigoi. Wake. Aliubusu.

Jumamosi bendi ilimchagua kijana mwingine, mwenye kasi ya kutisha. Iliuma, asikudanganye mtu. Kijana akamaliza, akainua vijiti juu, watu wakapiga makofi.

Makofi yalipokoma, likasikika. Tak.

Kijana alitazama mkono wake, uso umemsawijika. Binti akapanda jukwaani na kidude chake.

"Kaa chini, kaka," alisema. "Tunaanza polepole."