Fezi Iliyolemewa

"Nungu, uko wapi?"

"Chini ya transfoma, nyuma ya maghala. Kunanuka hapa."

Sauti ya fundi wa hospitali ilisikika redioni. "Mota ya mashine ya oksijeni inachemka, kaka. Njia mbili za umeme, yaani fezi, ziko sawa, ya tatu imeporomoka. Nikiizima, watoto njiti hawana hewa. Nikiiacha, itaungua. Na mitungi ya akiba imekwisha."

Mmoja wa njiti hao alikuwa mpwa wake Nungu, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Hata jina hajapewa.

Nungu alichomoa kipimo chake cha umeme cha Fluke, akakibana kwenye waya wa kwanza. Ampea thelathini. Wa pili, thelathini na mbili.

Wa tatu, mia tatu na kumi!

"Washenzi," alisema.

Idara yake ya upelelezi ilikuwa imewasaka kwa miezi walanguzi hawa wanaokata nyaya za umma, wanayeyusha shaba na kuivusha mpaka. Leo wamejianika wenyewe. Walijiunganishia umeme wa wizi kwenye fezi moja tu, eti mwizi wa kiasi hashtukiwi, kisha wakaitwika tanuri zote. Ujinga gani huu!

Aliufuata waya hadi ghala la mwisho. Mlinzi alikula kiwiko cha shingo, akalala.

Ndani, tanuri nne ziliwaka. Bosi lao, kibonge wa kutosha, alikuwa anatafuna paja la kuku katikati ya moshi ule.

Nungu akamwelekezea bastola yake, Beretta. "Zima."

"Aa, kijana, kaa tuyajenge."

"Hospitalini watoto wanakosa hewa kwa ajili yako."

Bosi akalamba kidole. "Wangapi kwani?"

 Wauaji Nungu amewaona, lakini huyu alimtia kinyaa.

Mkono wa bosi ukateleza chini ya meza. Beretta ikawahi. Kiganja cha bosi kikatoboka, bastola yake ikaanguka.

Nungu akashusha swichi kuu.

"Fundi?"

Akabofya redio tena.

"Fundi, nijibu!"

"Volteji imelingana! Mota inapoa, njiti wote wanapumua! Dada yako yupo hapa analia, hataki hata kushika redio."

Nungu alishusha pumzi. Bosi alikuwa sakafuni, anakohoa. "Moshi... nisaidie, ndugu yangu."

"Undugu wetu umeanza lini?"

Akamfunga pingu, akamburuta kwa ukosi hadi nje apate hewa. Wala si huruma. Mahakama inamtaka hai.

Magari ya idara aliyoyaita kwa redio yalipoingia, Nungu alitema mate, akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka zake kwa miguu kuelekea hospitali.