Kata ya Maji Tanurini

Mkate ulikuwa wa moto juu na baridi chini. Bi Hamira aliugeuza mara moja, maana mtu aliyeoka mikate miaka kumi na moja hautazami mkate usoni, anautazama tako. Chini pale unga ulikuwa mbichi, na katikati ya ubichi palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano vidogo, kama vya mtoto anayeanza kutambaa.

"Hiyo ndiyo chapa ya tanuri letu la kale," mwokaji wa sasa aliwaambia wageni waliokuja kutalii. Wageni wakapiga picha.

Bi Hamira aliurudisha mkate ulivyokuwa kabla wifi yake hajauona.

Kijiji chote kilikuwa kimehifadhiwa. Nyumba ambazo watu walizihama kwa kuvuja sasa zilikuwa zimepakwa chokaa na kufungwa kamba milangoni, viti visikaliwe. Binadamu ana vituko: alipokuwa akiishi humo alilalamika, leo anapanga foleni kwenda kupatazama. Palikuwa na kinu cha kusagia, karakana ya mhunzi, na hiki kiwanda cha mikate, alikoolewa Bi Hamira akiwa na miaka kumi na tisa. Jina lile walimpa wakwe, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kuumuka akikasirika.

Hakutaka kuja. Mwokaji mpya alikuwa amempigia simu binti yake, akitafuta yeyote aliyesalia wa ukoo ule anayejua kulitumia tanuri. Bi Hamira alisingizia magoti. Wifi, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mrefu asiyesema sana, ndiye aliyesema, "Twende. Mimi nina neno langu kule." Mtu ambaye hajaomba kitu miaka arobaini akiomba safari, utamnyima kwa sababu gani? Binti akawaendesha wote wawili.

Wageni walipotoka kwenda kuona kinu, mwokaji alifunga mlango. Jua lilikuwa la utosi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, aproni safi kuliko inavyotakiwa.

"Mama zangu," alinong'ona, "mimi si mwoga. Lakini tangu tuliwashe tena, wiki ya tatu hii, hakuna mkate ulioiva chini. Nimebadili kuni. Nimebadili unga. Nimebadili hata aproni."

"Aproni ilikosa nini?" Bi Hamira aliuliza.

"Sina tena la kubadili, mama."

"Na hiyo chapa?"

"Niwaambie nini wageni? Kwamba mle ndani kuna mtoto?" Akacheka peke yake, akaacha. "Nikitoa makaa namsikia. Analia kama aliyechoka kulia."

"Ni upepo wa dohani ya moshi," alisema binti wa Bi Hamira.

"Ndivyo nilivyomwambia mke wangu," alijibu mwokaji. "Alikuja kusikiliza. Hajarudi tena."

Wifi alikuwa amesimama mbali na tanuri, mikono ameificha ndani ya mtandio, kama alivyoificha siku zote. Bi Hamira alitazama pembeni.

Aliyajua yote, na tuyaseme sasa, maana aibu ikikaa sana chungu hupasuka. Katika tanuri lile, makaa yakishatolewa na sakafu ya matofali kupanguswa, mwokaji hutupa kata ya maji ndani, mvuke upande, mkate upate ganda la kung'aa. Lakini kabla ya maji, watu wa nyumba ile walikuwa na utaratibu. Waligonga mdomo wa tanuri mara tatu kwa mpini wa ubao wa kuingizia mikate, wakasema, "Wenyewe, pisheni, maji yanakuja." Kwa kuwa penye moto pana wakazi, na mkazi hamwagiwi bila hodi.

Siku moja, miaka arobaini iliyopita, mumewe alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mkate wa dada yake umeupita wa mkewe. Basi. Bi Hamira akaumuka, akachota kata, akatupa maji kwa hasira yake yote. Hakugonga. Ndani ya mvuke kikatoka kilio cha mtoto mchanga aliyeungua.

Siku saba mikate ilitoka mbichi na kile kiganja. Ya nane akaitwa mganga, na yule wa tanurini akapanda kichwani kwa mama mkwe, akazungumza kwa kinywa chake: "Nani amemuunguza mwanangu?" Bi Hamira alikuwa na mimba ya miezi sita. Alishika tumbo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimwonyesha wifi yake.

Wote wawili walikuwa wametupa maji asubuhi ile. Nani angebisha? Mganga akatoa hukumu: msichana asikaribie moto tena, nyumba itapona. Nyumba ikapona. Posa ya msichana ikavunjwa wiki ile ile. Nani anaoa mkono wa nuksi? Akaishi kwa kaka yake, kisha kwa mjane wa kaka yake, akila vilivyopikwa na wengine, akiomba kuwashiwa moto hata wa maji ya kuoga. Na Bi Hamira alimhudumia vizuri. Alimpa minofu. Watu wakamsifu kwa huruma yake, naye akazimeza sifa zile kama mtu anayemeza kokoto, moja baada ya moja.

"Mwanangu," Wifi alimwambia mwokaji, "nipishe."

Akaukaribia mdomo wa tanuri, akapiga magoti. Mifupa ililia.

"Shangazi, inuka, utaungua," alisema binti.

"Niache, mama. Nimekuja kuomba radhi kabla sijafa." Akaugeukia ule weusi wa ndani. "Enyi wenyewe. Mimi nilikuwa nikigonga kila siku. Lakini miaka arobaini naambiwa sikugonga, na mtu akiambiwa sana hata yeye huamini. Labda siku ile nilisahau. Kama nilisahau, nisameheni. Nilikuwa mtoto."

Bi Hamira aliutazama mgongo wa wifi yake. Sema, alijiambia. Binti yake alikuwa hapo ubavuni, binti aliyekuwa tumboni siku ile, anayempenda shangazi yake kuliko mtu yeyote duniani. Akisema, atamtazama kwa jicho gani? Akanyamaza.

Kisha harufu ilikuja, harufu ya nywele zilizoungua, na joto la chumba likaondoka lote kwa mara moja kana kwamba kuna mtu amelivuta kwa ndani kama anayevuta pumzi, na vibao vya mikate vikatetemeka rafuni kimoja baada ya kingine kuanzia mlangoni hadi pale walipo, na mle gizani, mbali kuliko urefu wa tanuri lenyewe, kikaanza kile kilio chembamba kilichochoka, kikija, kikisogea juu ya matofali polepole kwa sauti ya viganja vitupu, pwa, pwa, pwa, mpaka kikafika karibu na mdomo kikakoma, na mahali pake ikatoka sauti ya mama mkwe aliyezikwa miaka ishirini iliyopita, ikiuliza bila haraka, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Nani amemuunguza mwanangu?"

Mwokaji alikwisha kukaa chini. Binti alimshika mama yake mkono.

"Ni mimi," alisema Wifi.

"Wewe nyamaza," ilisema sauti. "Mkono wako tunaujua. Ulikuwa ukitugongea kila siku."

Wifi akainua uso.

"Nani?" sauti ikauliza tena.

Bi Hamira aliona kwamba anaweza kunyamaza hata sasa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: kumvuta binti, kufungua mlango, kutoka juani, kusema ni upepo wa dohani.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia. "Ni mimi. Nilikuwa na hasira. Sikugonga. Na nilipoulizwa nikamtaja yeye."

Mkono wa binti ukatoka ndani ya mkono wake.

"Mbona hamkumwacha?" Bi Hamira aliuliza tanuri, maana mkosaji hutafuta mwenzake wa kubeba. "Kama mlijua, kwa nini mlimtesa miaka yote?"

"Sisi?" Sauti ile ilikuwa karibu na kicheko. "Sisi hatukumgusa hata unywele. Tuliuliza tu, tusikie utasema nini. Mengine mliyafanya wenyewe."

Wifi akaitoa mikono yake ndani ya mtandio.

"Mtoto hajapona," ilisema sauti. "Anataka kulelewa na aliyemuunguza. Mchukue."

Joto likarudi. Ndani ya tanuri hapakuwa na kitu ila matofali.

Wifi alinyanyuka mwenyewe, akakataa kushikwa. Alikwenda kwenye meza, akakunja mikono ya gauni, akatia vidole kwenye unga. Mikono yake ilikuwa myeupe viganjani, laini kama ya msichana, maana kwa miaka arobaini haikugusa kazi ya jikoni.

"Wifi," alisema Bi Hamira. "Wifi yangu."

"Binti," alisema Wifi bila kugeuka, "mwambie mama yako akanisubiri nje."

Alioka mikate minne. Ilitoka imeiva juu na chini, na mwokaji aliitazama akalia bila kujificha. Safari ya kurudi ilianza jioni. Binti aliendesha. Wifi alikaa mbele na mikate yake mapajani, na njiani binti aliondoa mkono mmoja kwenye usukani akaushika wa shangazi yake.

Bi Hamira alikuwa peke yake kiti cha nyuma. Walipopita daraja la kwanza, kitu kidogo chenye joto la homa kilipanda pembeni yake, kikatafuta mahali, kikaegemeza kichwa ubavuni kwake. Kilinuka nywele zilizoungua. Kikaanza kulia taratibu.

Hakupiga kelele. Aliinua mkono, akakipisha, akakifunika kwa upande wa nguo yake.